Koti limefungwa hadi kidevuni. Masizi ya shingoni na kinenani yametoka wapi?

#1 Mwana_Mkomani (Lamu)
Salaam wakuu. Naleta dai, nipingeni.

Seti kamili ya zimamoto imevaliwa: koti, suruali, buti, glavu, baraklava (kofia ya kitambaa inayofunika kichwa na shingo), helmeti, mtungi wa hewa mgongoni. Zipu iko juu, velikro imebanwa, kola imesimama. Moto ni wa nyumba ya kawaida, dakika kama ishirini ndani. Seti ikivuliwa, masizi yako pale pale kila mara: chini ya taya, vifundo vya mikono glavu inapoishia, kiunoni, kinenani. Kifua na mgongo huwa safi kiasi.

Ninavyoona mimi, koti hili liliundwa kuzuia joto na maji. Sumu ya moshi halikuundiwa, ila tunalivisha sifa lisizokuwa nazo. Kama sivyo, nionyesheni masizi yanapopita.

#2 Bitana3 (Malindi)
Nusu ya dai nakubali. Koti moja ni nguo tatu. Ya nje ni aramidi, nyuzi zinazostahimili moto, mara nyingi Nomex na Kevlar, au yenye nyuzi za PBI, kwa ajili ya moto na kukwaruzwa. Ya kati ni utando mwembamba uliobandikwa kwenye kitambaa. Unazuia maji yasiingie na unaacha mvuke wa jasho utoke. Ya ndani ni bitana inayoshika hewa ili joto lichelewe kufika mwilini.

Masizi hayapenyi utando ulio mzima. Yanapita nguo inapokutana na nguo: koti na suruali, mkono na glavu, kola na baraklava, mguu wa suruali na buti. Sehemu ulizozitaja ndizo hizo, yaani umejijibu mwenyewe.

#3 BintiShela (Lamu)
Mlango mkubwa ni shingo. Mwaka 2015 IAFF, chama cha wazimamoto cha Marekani na Canada, kilifanyisha jaribio: watu waliovaa seti kamili waliingizwa kwenye chumba chenye vumbi laini sana linalong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Walipovua, shingo na taya ziling'aa kuliko kwingine.

Sababu ni kwamba baraklava ya kawaida ni kitambaa cha kufuma tu, hata ikiwa tabaka mbili. Haina utando. Inazuia kuungua, lakini chembe za moshi zinapita kwenye matundu ya ufumaji. Zipo baraklava zenye tabaka la kuzuia chembe. Kiwango cha NFPA 1971 cha shirika la kinga ya moto la Marekani, toleo la 2018, kiliziwekea kipimo: zizuie angalau asilimia 90 ya chembe za mikroni 0.1 hadi 1. Katika toleo hilo ilikuwa hiari, kwa hiyo anayenunua asipoitaja kwenye oda anaweza kuletewa ile ya kawaida.

#4 KikosiBarani (Malindi)
Shingo sawa, dada, lakini shingo haielezi kinena.

Masizi ya kule yanaingia kwa chini. Mtu akichuchumaa na kuinuka, koti linasukuma hewa nje kisha linavuta nyingine ndani, kama mvukuto wa mhunzi. Inayovutwa inapitia pindo la koti na mdomo wa buti. Kupima ni rahisi: avae seti, ainame hadi vidole viguse sakafu, kisha anyoshe mikono juu ya kichwa. Katika kila mkao koti liendelee kufunika suruali kwa angalau inchi 2, yaani sentimita 5.

Seti za msaada kutoka Ulaya nyingi zilikatwa kwa pande la mtu wa mita 1.90. Mikono inakunjwa, kiuno kinapwaya, hewa inacheza humo ndani. Mbaya zaidi ni koti la kampuni moja kuvalishwa na suruali ya kampuni nyingine. Hapo hakuna kitakacholingana na chochote.

#5 HamaliWaGati (Lamu)
Mita 1.90 hapa Langoni tuna milingoti tu. 😄 Endeleeni.

#6 MzeeFirimbi (Malindi)
Nyote mnatafuta tundu. Masizi mengi hayaingii wakati wa moto, yanapakwa baada ya moto.

Mtazameni mtu anavyovua. Glavu iliyoloa masizi inashika zipu, inashika kola, inavuta baraklava kupitia usoni. Kisha mkono mtupu unashusha mikanda ya suruali. Kisha huyo anakwenda haja ndogo kabla ya kunawa. Kinena kimepata masizi bila pindo la #4 kuhusika.

Ndiyo maana anasafishwa kabla ya kuvua, pale pale uwanjani, upande upepo unakotoka:

Barakoa ibaki usoni na hewa ya mtungi iendelee. Amwagiwe maji ya presha ndogo kuanzia helmeti kushuka. Presha kubwa inasukuma uchafu ndani ya zipu na kola, na hilo ndilo kosa la kwanza la wengi. Ndoo ya lita 10, sabuni ya maji ya vyombo kama vijiko viwili vikubwa, brashi laini ya mpini mrefu. Sugua mabega, makwapa, chini ya kola, mifuko, katikati ya mapaja, magoti, nyayo za buti. Mikanda ya mtungi isisahaulike. Suuza mpaka povu liishe. Msaidizi avae glavu za mpira na barakoa ya vumbi.

Hapo ndipo avue: glavu za moto zitoke, avae za mpira, helmeti, baraklava ikikunjwa ndani-nje, barakoa, mtungi, koti, suruali ishuke pamoja na buti. Vyote kwenye mfuko mzito wa plastiki, ufungwe. Halafu afute shingo, uso, masikio na mikono kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na aoge mwili mzima ndani ya saa moja.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulipima hidrokaboni za aina ya PAH, sumu zinazotokana na kuungua, juu ya makoti. Maji, sabuni na brashi viliondoa karibu asilimia 85. Brashi kavu, kama asilimia 23. Kupuliza kwa hewa hakukuondoa kitu cha maana. Vitambaa vya kufutia shingo viliondoa zaidi kidogo ya nusu.

#7 PepoZaKusi (Lamu)
#6 maelezo mazuri, lakini yanadhani koti lilikuwa safi lilipovaliwa. Je, kama masizi ni ya moto wa mwezi uliopita?

Bitana isipofuliwa inabeba akiba. Mvaaji akitoka jasho, akiba inalainika na kuhamia kwenye fulana, na jasho linashuka mpaka linapozuiwa: kiunoni na kinenani. Sehemu ni zile zile za #1, na hakuna hewa iliyovutwa wala mkono uliopaka.

Kuhusu saratani tusikuze mambo. IARC wenyewe, wakala wa utafiti wa saratani wa WHO, wameandika kazi ya zimamoto "huenda" inasababisha, Kundi la 2B.

#8 BintiShela (Lamu)
#7 hiyo ni ya zamani, sheikh. Kundi la 2B ni tathmini ya mwaka 2007. Mwaka 2022 walikaa tena wakaipandisha hadi Kundi la 1, kwamba inasababisha saratani kwa binadamu. Walisema ushahidi unatosha kwa mesothelioma, ile saratani ya utando wa mapafu inayohusishwa na asbesto, na kwa saratani ya kibofu cha mkojo. Kilichotathminiwa ni kazi nzima, moshi na mengineyo.

Hoja ya jasho naipenda. Ngozi yenye joto na iliyolowa inapitisha kemikali haraka kuliko ngozi kavu. Lakini ile "kila nyuzi kadhaa za joto, ufyonzaji unapanda asilimia 400" inayorudiwa semina baada ya semina, msiijengee hesabu yoyote. Mwelekeo ni kweli, tarakimu msizibebe.

#9 Mwana_Mkomani (Lamu)
Shukrani. Sasa niambieni habari ya maji. Visima vingi vya mjini vina chumvi, sabuni haitoi povu. Maji mazuri yanatoka visima vya michangani Shela, na hayo kila mtu anayataka. Bahari iko hatua chache. Kwa nini pampu isivute baharini tukamaliza?

#10 Bitana3 (Malindi)
Sabuni ya mche ndiyo inayogombana na maji ya chumvi. Sabuni ya maji ya vyombo inavumilia, ongeza kidogo tu.

Maji ya bahari, kwa maoni yangu, yanafaa kwa mmwagiko wa kwanza pale ambapo vinginevyo hakuna kitu, mradi seti isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Chumvi ikikaukia humo inakula zipu, vifungo na ndoano za chuma, na punje zake zinasugua nyuzi kila mtu anapokunja kiwiko. Baraklava na bitana zisiguswe na bahari kabisa.

Na maji machafu yasielekezwe kisimani wala kwenye mikoko. Turubai lenye kingo zilizoinuliwa linatosha kuyakusanya.

#11 HamaliWaGati (Lamu)
Na seti chafu ikishafungwa mfukoni inasafirishwa kwa punda? Maana gari halipiti vichochoroni, na punda hana bima.

#12 BintiShela (Lamu)
Unacheka, lakini punda wa wazi ni afadhali kuliko kabini iliyofungwa. Koti lililotoka motoni linaendelea kutoa mvuke wa benzini, styrini na wenzao hata baada ya masizi kusuguliwa. Ndani ya gari lenye madirisha yaliyopandishwa, wote waliomo wanavuta hewa hiyo hadi kituoni. Ndiyo sababu ya mfuko kufungwa na kukaa nyuma, nje ya kabini. Kwenye boti ya Mokowe, uwekwe tezi, upepo uchukue mvuke.

#13 Oili_Chafu (Malindi)
Mnazunguka mno. Glasi mbili za maziwa baada ya moto, sumu yote inatoka. Na kitambaa kilicholoweshwa puani.

#14 MzeeFirimbi (Malindi)
Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni. Kaboni monoksaidi imeshashika damu, haiwezi kuachishwa na maziwa. Inaachishwa na oksijeni. Kitambaa kilicholowa kinapunguza majivu makubwa tu, gesi inapita kama hakipo. Barakoa ya N95 vile vile. Hata kichujio cha makaa ya kaboni hakikamati kaboni monoksaidi.

Kinachozuia ni mtungi na barakoa yenye presha ya ndani, basi. Hesabu yake: mtungi wa lita 6.8 kwa presha ya bari 300 ni lita 2,040 za hewa. Firimbi ya kuonya kwamba hewa inaisha inalia karibu na bari 55, kwa hiyo za kazi ni bari 245, lita 1,666. Kwa lita 40 kwa dakika ni dakika 41. Kwa kazi ngumu ya lita 60 ni kama 28. Anayepanda ngazi za nyumba ya mawe ya ghorofa tatu na mpira wa maji begani ahesabu hiyo ya pili.

#15 MbiziWatamu
Marekebisho madogo, mzee. Kwenye bari 300 hewa haibanwi sawasawa na hesabu ya shuleni. Halisi ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya kumi, karibu lita 1,850. Punguza na dakika zako.

Na wanaojazia kwenye kompresa za wapiga mbizi wajue kuwa nyingi zimewekwa kuishia bari 200 au 232. Mtungi wa 300 ukijazwa 200 una lita 1,360 kabla ya kutoa akiba ya firimbi.

Kichujio cha kompresa nacho kinaisha mapema pwani kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu hewa yetu ina joto na unyevu mwingi. Kiwango cha Ulaya, EN 12021, kinataka kaboni monoksaidi isizidi sehemu 5 kwa milioni na mafuta yasizidi miligramu 0.5 kwa mita ya ujazo. Bomba la kuvuta hewa liwe juu, mbali na ekzosi ya injini, na upande wake ubadilishwe kusi ikigeuka kaskazi. Wengi wanalifunga mara moja na kulisahau.

#16 MzeeFirimbi (Malindi)
Nimeipokea, #15. Ndiyo maana mazoezini tunapima matumizi ya kila mtu, hatutegemei karatasi.

Niongeze: barakoa inavuliwa mapema mno. Moto wa makuti ukizimwa, kazi ya kufukua majivu na boriti inaendelea saa nzima, na watu wanafukua wakiwa wazi usoni. Ndipo fomaldehidi, akrolini na chembe ndogo zinapovutwa kwa wingi. Mita ya kaboni monoksaidi kusoma sifuri hakusemi lolote kuhusu hizo.

#17 KikosiBarani (Malindi)
Tena "makuti" peke yake siku hizi ni nadra. Chini ya makuti kuna godoro la sponji, likiungua linatoa hidrojeni sianidi. Kuna nyaya na mabomba ya PVC, asidi ya hidrokloriki. Betri za sola za lithiamu, hidrojeni floridi. Boriti zilizopakwa oili chafu kuzuia mchwa, masizi mazito yanayonata ambayo brashi ya #6 itayapitia mara mbili. (Oili_Chafu, si wewe.)

#18 Oili_Chafu (Malindi)
Nimesikia. Swali la kweli sasa: ndevu?

#19 MzeeFirimbi (Malindi)
Mpira wa barakoa unatakiwa kukaa juu ya ngozi tupu: paji, mashavu, chini ya kidevu. Nywele zikipita chini yake kuna uvujaji. Watu wanasema presha ya ndani itausukuma moshi nje. Sehemu kubwa ndiyo, lakini hewa inavuja mfululizo na zile dakika 28 zinapungua, na mtu akivuta pumzi kwa nguvu presha inaweza kushuka kwa kitambo. Hili likae na kikosi na maalim wa msikiti pamoja, lisiamuliwe uwanjani moto ukiwaka.

#20 PepoZaKusi (Lamu)
Nirudi kwenye hoja yangu ya akiba, mmeikimbia. Nani hapa anafua bitana, na vipi?

#21 Bitana3 (Malindi)
Kufua kamili angalau mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya moto wenye moshi mzito. Bitana inatenganishwa na koti la nje, zinafuliwa mbalimbali, la sivyo masizi ya nje yanahamia ndani. Velikro na ndoano zifungwe kwanza zisichane utando. Maji yasizidi nyuzi 40 za selsiasi. Sabuni isiyo kali, pH kati ya 6 na 10.5. Jiki ni marufuku, inaharibu aramidi. Dawa ya kulainisha nguo nayo hapana. Na isipelekwe nyumbani wala kwa dobi anayefua nguo za watoto.

Kuanika: kivulini, penye upepo, ndani-nje. Jua letu ni adui wa Kevlar. Koti lililopauka mabegani limepoteza nguvu hata kama halijatoboka, na kulitundika nje ya kituo kila siku ni kulizeesha bure.

Utando unakaguliwa hivi: geuza bitana, tengeneza beseni dogo penye mshono au mabega, mimina kikombe kimoja cha mchanganyiko wa spiriti ya kusafishia vidonda sehemu moja na maji sehemu sita, subiri dakika tatu. Ikitokeza unyevu upande wa pili, tepu ya mshono imeachia au utando umetoboka. Spiriti inasaidia maji kupenya tundu dogo, maji matupu yanaweza kukudanganya.

Na lebo isomwe: miaka 10 tangu kutengenezwa, kwa kanuni za NFPA 1851, seti inastaafu hata ikiwa mpya machoni. Mtumba mwingi unafika ukiwa umebakiza miaka miwili, au umepitwa.

#22 PepoZaKusi (Lamu)
Basi bitana isiyofuliwa ndiyo jibu la #1.

#23 KikosiBarani (Malindi)
Ni jibu lako. Seti mpya kabisa, moto wa kwanza, masizi ya kiunoni bado yanaonekana. Akiba ya nini hapo?

#24 MzeeFirimbi (Malindi)
Na hiyo mpya nani alimvua, na kwa glavu gani?

#25 Mwana_Mkomani (Lamu)
Kuna hoja nyingine hakuna aliyeigusa: koti lenyewe. Utando na dawa ya kukinga maji kwenye kitambaa cha nje mara nyingi vina kemikali za PFAS, ambazo haziozi. Tunasafisha masizi juu ya nguo iliyokuja na yake kutoka kiwandani.

#26 BintiShela (Lamu)
Ni kweli zimo, na kwenye povu la zamani la kuzimia mafuta pia. Lakini usizipime kwa mizani moja na moshi. Anayeingia ndani ya moshi asivue koti kwa kuogopa koti. Afanye hivi: asilivae wakati wa kuosha gari, kupika au kulala zamu, asilitumie kama blanketi, na anawe baada ya kulishika. Utando uliochakaa na kumenyeka utolewe kazini.

#27 HamaliWaGati (Lamu)
Mna majibu matano na shingo moja. Fanyeni jaribio. Bizari ya manjano inang'aa chini ya taa ya kukagulia noti bandia, kila duka la M-Pesa linayo. Mpakeni mtu manjano nje ya koti, avue, mmulike.

#28 BintiShela (Lamu)
Hamali, hilo si la kucheka, linawezekana. Ila litajibu hoja ya #6 tu. Punje za manjano ni kubwa mno kulinganisha na moshi, hazitapita kwenye ufumaji wa baraklava jinsi chembe za nusu mikroni zinavyopita. Likionyesha shingo safi, halijamshinda mtu wa #3.

#29 MzeeFirimbi (Malindi)
Linanitosha mimi. Watu wawili, seti mbili zilizofuliwa, koti za nje zimepakwa sawa kifuani na mikononi. Mmoja avue anavyojua, mwingine asuguliwe kwanza na avue kwa mpangilio. Chumba cha giza.

#30 Bitana3 (Malindi)
Fulana za ndani zifuliwe kwa sabuni isiyo na king'arishi, mara tatu nne kabla. Sabuni nyingi za unga zina king'arishi kinachowaka buluu chini ya taa hiyo hiyo, mtaona mwili mzima unamulika na kuanza kugombana upya. Buluu ni sabuni, njano ya kijani ni bizari. Na tumieni koti lililostaafu, manjano hayatoki kwenye aramidi.